Mtu Mzima Katika Darasa la Watoto

Ignatius alizaliwa mwaka 1491 huko Loyola, katika nchi ya Hispania. Ujanani alipenda vita, mavazi mazuri na sifa. Mwaka 1521, katika vita vya Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu. Mguu ulipopona, mfupa ulitokeza. Akawaamuru waganga waukate, kusudi aweze kuvaa viatu vyake virefu bila aibu. Alivumilia maumivu makali kwa ajili ya uzuri tu.

Kitandani alisoma maisha ya Yesu na ya watakatifu, akageuka moyo. Akaacha upanga, akataka elimu ili awasaidie watu. Lakini hakujua Kilatini. Basi mwaka 1524, huko Barcelona, aliketi pamoja na watoto kujifunza. Kila alipokariri, mawazo matamu ya sala yalimsahaulisha somo. Akatambua kwamba hata hayo ni kishawishi, maana saa ya somo kazi yake ni somo. Akamwahidi mwalimu kumsikiliza miaka miwili bila kukosa.

Mwaka 1535 alipata shahada huko Paris. Alikufa Roma mwaka 1556, akiwa mkuu wa Shirika la Yesu.

Watoto, ndevu hazimfanyi mtu kuwa mzima. Mtu mzima hujitawala, tena hutimiza kazi ya saa yake, hata ikimpunguzia sifa.