Bibi Titi Mohamed na Miiko ya Uongozi

Watoto wetu waliozaliwa hapa Dubai wanalijua jina la Bibi Titi kama jina la barabara wanayopita wakienda likizo Dar es Salaam. Siku hii ya Uhuru tuwasimulie mwenyewe alikuwa nani.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akajulikana kwanza kwa kuimba katika ngoma. Mwaka 1955 alikabidhiwa kuwaongoza wanawake wa TANU. Alivipitia vikundi vya ngoma alivyovifahamu, na maelfu ya kina mama wakachukua kadi. Baada ya Uhuru wa 1961 alikuwa mbunge na waziri mdogo, akaiongoza pia UWT. Kiti cha ubunge alikipoteza mwaka 1965, lakini alibaki kiongozi wa TANU.

Februari 1967 likaja Azimio la Arusha pamoja na miiko yake. Kiongozi, mbunge akiwemo, asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Hakuzificha kwa jina la mtu. Aliyapinga masharti hayo waziwazi, akajiuzulu.

Sisi wa Al Ras tunamwelewa. Tunaofunga mizigo karibu na soko la viungo na sisi wauguzi tunaokesha wodini, akiba yetu imo katika vyumba vya kupangisha Temeke na Mbagala. Kodi ile ni ada ya watoto na heshima ya uzeeni. Lakini Mwalimu naye alikuwa na hoja: mbunge mwenye wapangaji atatunga sheria ya kumlinda nani?

Mwaka 1969 Bibi Titi alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 akaachiwa kwa msamaha wa Rais. Mwaka 1991 chama chenyewe, kikikutana Zanzibar, kiliilegeza miiko ile. Alifariki Johannesburg Novemba 2000.

Sheria ya maadili ya 1995 haimkatazi mbunge kuwa na nyumba. Inamtaka atamke mali zake. Tofauti ni kwamba Bibi Titi hakungoja sheria imlazimishe kusema.

Wanetu, mkipewa uongozi, hata wa mfuko wa chama chetu hiki, semeni mnachomiliki kabla hamjaulizwa. Mkishindwa kuifuata miiko, achieni kiti.

Heri ya Uhuru.