Maisha ya Bwana Franz Stampfl, Mwalimu wa Wakimbiaji

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika matoleo yaliyopita ya gazeti letu tumesoma habari za washindi wengi wa mbio, nasi twazijua rekodi zao kama tunavyojua jedwali za hesabu. Lakini ni mara chache sana tunaposoma habari za watu waliowafundisha. Mimi nimechagua kuandika maisha ya mmoja wao, na sababu yangu nitaieleza waziwazi. Nilipokuwa Kidato cha Pili nilianguka nikavunjika mguu, nao ulipounga haukurudia hali yake ya zamani. Mwalimu wetu wa michezo hakuniacha nikae kivulini. Alinikabidhi saa ya kupimia mbio pamoja na daftari, akanifanya mwandishi wa wakimbiaji wa shule. Baadhi ya wenzangu walicheka, wakauliza mtu achechemeaye atawezaje kumfundisha mzima namna ya kukimbia. Swali hilo lilinikaa moyoni mpaka niliposoma habari za Bwana Franz Stampfl.

Bwana Stampfl alizaliwa mjini Vienna, nchi ya Austria, mwaka 1913. Katika ujana wake alipenda mambo mawili: michezo na uchoraji wa picha. Michezo yake ilikuwa kutupa mkuki na kuteleza juu ya theluji kwa mbao zifungwazo miguuni, ambao ni mchezo mkubwa wa watu wa milima ile. Angalieni jambo hili vema, maana tutalirudia: mtu huyu ambaye baadaye aliwafundisha wakimbiaji wa maili walio hodari kuliko wote duniani, yeye mwenyewe hakuwa mkimbiaji wa maili hata kidogo.

Siku zile Wanazi walikuwa wakitawala Ujerumani, na hofu yao ilikuwa imeenea hata nchi za jirani. Bwana Stampfl aliondoka kwao akaenda Uingereza kabla Wanazi hawajaitwaa Austria mwaka 1938. Huko aliendelea kujifunza uchoraji, akaanza pia kufundisha michezo, akafanya kazi hiyo hata Ireland ya Kaskazini. Lakini hakupata raha kwa muda mrefu. Vita Kuu ya Pili ilizuka mwaka 1939, na mwaka uliofuata Serikali ya Uingereza iliamuru wageni waliotoka nchi za adui wakamatwe. Haikubagua sana kati ya rafiki na adui. Basi mtu aliyewakimbia Wanazi akafungwa kwa kudhaniwa kuwa huenda ni mtu wao.

Mwezi wa Julai, 1940, alitiwa ndani ya meli iitwayo Dunera pamoja na wafungwa wengine zaidi ya 2,500, wengi wao wakiwa Wayahudi waliokimbia Ujerumani na Austria. Watu walisongamana kupita kiasi. Wengi walilala sakafuni na juu ya meza, na baadhi ya askari waliowalinda waliwaibia mali zao na kutupa mizigo yao baharini. Meli ilishuka pwani ya Afrika Magharibi, ikapita Cape Town, ikafika Australia mwezi wa Septemba, baada ya safari ya karibu miezi miwili. Wafungwa wakapelekwa kambini, mbali na miji. Wengine wangekata tamaa, lakini Bwana Stampfl aliwakusanya wenzake akawafanyisha mazoezi na michezo ili miili yao isidhoofike na akili zao zisilale. Baadaye alitolewa kambini, akaingia kikosi cha kazi katika jeshi la Australia. Huko huko alipata mke, na vita vilipokwisha wakarudi Uingereza.

Huko Uingereza alianza tena kazi yake ya kufundisha riadha. Mjini London alifundisha katika uwanja wa kambi moja ya askari, na kila aliyetaka kufundishwa alilipa shilingi moja tu. Alifundisha pia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford. Inafaa nieleze hapa kwamba katika vyuo vikuu vya Uingereza siku zile, vijana wengi waliona kuwa na mwalimu wa mbio ni jambo la kupunguza heshima. Walisema mchezo ni wa kujifurahisha, na muungwana hujifundisha mwenyewe. Basi mwalimu, tena mgeni aliyesema Kiingereza kwa lafudhi ya kwao, hakupata heshima hiyo kwa jina lake. Ilimpasa aipate kwa kazi yake.

Miongoni mwa vijana waliojifundisha wenyewe alikuwa Roger Bannister. Yeye alisoma Oxford, na alipokuwa rais wa chama cha riadha cha Chuo Kikuu hicho alihimiza sana kwamba njia ya zamani ya mbio katika Barabara ya Iffley, ambayo mizunguko yake mitatu ilifanya maili moja, iondolewe na kutengenezwa nyingine ya mizunguko minne. Baadaye alikwenda London kujifunza udaktari katika Hospitali ya St Mary's. Nafasi yake ya mazoezi ilikuwa kidogo tu, wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa na rafiki wawili, Chris Brasher na Chris Chataway. Brasher alikuwa mwanafunzi wa Bwana Stampfl, na ndiye aliyemleta Bannister kwake.

Wakati huo hapakuwa na mtu aliyewahi kukimbia maili moja kwa muda usiofika dakika 4. Rekodi ilikuwa ya Gunder Hägg wa Sweden, dakika 4 sekunde 1.4, nayo ilikuwa imekaa tangu mwaka 1945. Wengi walidhani ni ukuta usiovunjika. Bwana Stampfl hakuamini kuna ukuta. Aligawa kazi vipande vipande: vijana wakimbie yadi 440, wapumzike dakika 2 kwa kutembea au kukimbia polepole, kisha wakimbie tena, mpaka watimize mara 10. Katika Desemba, 1953, kila kipande kiliwachukua sekunde 66. Wakapunguza sekunde moja, na nyingine, kama wasemavyo wazee kwamba haba na haba hujaza kibaba. Mwezi wa Aprili walifika sekunde 61, hapo wakakwama kabisa. Ndipo Bannister na Brasher walipokwenda Scotland kupanda milima kwa siku chache, wasikimbie hata hatua moja. Waliporudi wakakimbia kwa sekunde 59. Mimi nimelijaribu somo hili katika daftari langu, nami nimeona kwamba mchovu hasaidiwi kwa kuongezewa kazi.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 6 Mei, 1954. Asubuhi Bannister alifanya kazi hospitalini, kisha akapanda gari moshi kwenda Oxford. Upepo ulivuma kwa nguvu, naye alikuwa karibu kuahirisha jambo lile. Mle garini alimkuta Bwana Stampfl, wakazungumza. Bwana Stampfl hakumdanganya kwamba upepo si kitu. Alimweleza kwamba anao uwezo wa kukimbia dakika 3 sekunde 56, kwa hiyo hata upepo ukimpunguzia kidogo atafaulu. Tena alimwonya kwamba kama akiiacha nafasi hii, na nyingine isije, huenda asijisamehe maisha yake yote. Hakumlazimisha. Alimwachia mwenyewe kuamua.

Jioni, karibu na saa kumi na mbili, bendera iliyokuwa juu ya mnara wa kanisa ilianza kulegea. Bannister akaamua kukimbia. Brasher aliongoza mizunguko miwili ya kwanza. Bannister alijiona mwepesi hata akataka waende mbio zaidi, lakini Brasher hakubadili mwendo, na mzunguko wa kwanza ukawa sekunde 57.5. Katika kishindo kile ilisikika sauti ikimtaka alegeze mwili, naye alitii. Baadaye alijua kuwa ilikuwa sauti ya mwalimu wake. Chataway akashika uongozi, na yadi kama 300 kabla ya mwisho Bannister akampita, akakimbia peke yake mpaka utepe, akaanguka mikononi mwa watu. Mtangazaji alipoanza kusoma muda, neno la dakika tatu likatosha. Watu walipiga kelele, yaliyobaki hayakusikika. Ilikuwa dakika 3 sekunde 59.4.

Dunia ilimsifu Bannister, na ilikuwa haki yake. Lakini matunda ya mwalimu yule hayakuishia hapo. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, Chataway alimshinda Vladimir Kuts wa Urusi katika mita 5,000 mjini London kwa rekodi ya dunia. Mwaka 1956 Brasher, ambaye hakuwa na kipaji kikubwa kama wenzake wawili, alipata medali ya dhahabu huko Melbourne katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji.

Wakati huo Bwana Stampfl alikuwa amekwisha hamia Melbourne. Mwaka 1955 alipata kazi ya kufundisha riadha katika Chuo Kikuu cha mji huo. Yaani nchi ile ile iliyompokea kama mfungwa sasa ilimpokea kama mwalimu. Na mwanafunzi wake aliyemletea sifa kubwa huko alikuwa kijana wa Chuo Kikuu hicho, jina lake Ralph Doubell.

Hapa habari yatugusa sisi watu wa Kenya. Tarehe 15 Oktoba, 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, Doubell alikimbia fainali ya mita 800. Aliyeongoza ni Wilson Kiprugut wetu, yule aliyetuletea medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki huko Tokyo mwaka 1964. Mexico ni mji wa juu, mita 2,240 kutoka usawa wa bahari, na wengi walidhani mtu wa pwani ya Australia hatawaweza watu wa milimani. Karibu na mwisho Doubell alimpita Kiprugut, akashinda kwa dakika 1 sekunde 44.3, sawa na rekodi ya dunia ya Peter Snell. Babu yangu alikuwa kijana wa miaka 18 wakati huo, akazisikia habari hizo kwa redio, na hata leo hapendi kulisikia jina la Doubell. Nilipomweleza kwamba nampenda mwalimu wa Doubell, alinitazama kwa muda, kisha akaniambia kwamba mwalimu mwema si dhambi yake kuwa wa upande wa pili.

Mwaka 1980 Bwana Stampfl alipatwa na msiba. Alikuwa ndani ya motokaa yake, amesimama kwenye taa za barabarani, motokaa nyingine ikamgonga kwa nyuma. Shingo iliumia, akapooza mikono na miguu. Watu walidhani kazi yake imekwisha. Lakini alirudi uwanjani juu ya kiti cha magurudumu, akaendelea kufundisha kwa macho, masikio na sauti yake. Alifanya hivyo miaka mingi, mpaka alipofariki mjini Melbourne mwezi wa Machi, 1995.

Sasa narudia swali la wenzangu. Wazee wetu husema mganga hajigangi. Bwana Stampfl hakushinda mbio za maili, na mwisho hakuweza hata kusimama, lakini wakimbiaji walimwendea kwa sababu alijua kuona, kupima, na kusema neno lipasalo kwa wakati wake.

Jambo hili la mwisho ndilo lililonichoma. Mwaka jana, siku ya mashindano, mvua ilinyesha na uwanja ukawa tope. Rafiki yangu, mkimbiaji wetu wa mita 1,500, aliniuliza kama afaa kukimbia. Nilikuwa na daftari mkononi lenye mazoezi yake yote ya miezi mitatu, nami nilijua kwamba yu tayari. Nikaogopa kulaumiwa, nikanyamaza. Akajitoa. Jioni ile hakusema nami, na sikuona kosa lake.

Muhula huu mvua ilinyesha tena. Safari hii nilifungua daftari, nikamwonyesha hesabu yake, nikamwambia nionavyo, kisha nikamwachia aamue mwenyewe. Alikimbia. Alikuwa wa nne, na watatu tu ndio waliochaguliwa kwenda mbele, kwa hiyo hatukwenda. Lakini muda wake ulipungua sekunde 3 kuliko wakati wowote aliopata kukimbia, na tulirudi shuleni tumeketi kiti kimoja.

Enyi wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, mwakani sisi hatutakuwapo. Saa na daftari nitamrudishia mwalimu wetu, ambaye namshukuru sana. Kama yuko kati yenu asiyeweza kukimbia lakini apendaye kuona wengine wakikimbia vizuri, na amwendee aviombe.