Pier Giorgio Frassati: Kijana Aliyejua Kupanga Likizo



Wapendwa wasomaji, muhula unaelekea ukingoni, na hapa seminarini mazungumzo ya mezani yamebadilika. Wiki chache zilizopita tulikuwa tunabishana juu ya Aristotle na Mtakatifu Thoma wa Akwino. Sasa tunaulizana nauli za mabasi, nani atapitia wapi, na nani atalala kwa nani. Likizo inakuja na kila mmoja anapanga ya kwake. Hatuoni ubaya katika hilo, kwani hata Bwana wetu aliwaita mitume kando wapumzike walipokuwa wamechoka.

Lakini tuseme ukweli. Likizo iliyopita tulirudi seminarini tukiwa na picha nyingi kwenye simu. Padre mlezi alipotuuliza ni nani kati yetu aliyemtembelea walau mgonjwa mmoja wa parokia yake, wengi tulitazama chini. Tulikuwa tumepumzika vizuri, na tulikuwa tumepumzika hata kutoka kwa jirani zetu. Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza kama kweli utakatifu na starehe vinaweza kukaa katika begi moja.

Ndipo tukamkumbuka Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, kijana wa Italia aliyefariki akiwa na umri wa miaka 24, umri wa wengi wetu. Alipenda mno kupanda milima na kuteleza juu ya theluji, na mara nyingi yeye ndiye aliyewakusanya wenzake kwa safari. Tumefuatilia maisha yake tukiwa na swali moja: huyu mwenzetu alipangaje likizo zake?

Pier Giorgio alizaliwa Torino, kaskazini mwa Italia, tarehe 6 Aprili 1901, siku ya Jumamosi Kuu. Baba yake, Alfredo, alikuwa mmiliki na mkurugenzi wa gazeti kubwa la La Stampa, baadaye akawa seneta, na kuanzia 1920 hadi 1922 balozi wa Italia nchini Ujerumani. Mama yake, Adelaide Ametis, alikuwa mchoraji. Mdogo wake, Luciana, alizaliwa mwaka uliofuata. Nyumba ilikuwa ya kitajiri, lakini imani haikuwa na nafasi kubwa ndani yake. Baba hakuwa mtu wa kusali, na ndoa ya wazazi ilikuwa na baridi iliyozidi kadiri miaka ilivyopita. Kwa hiyo kijana huyu hakurithi utakatifu mezani kwa wazazi wake.

Shuleni hakuwa nyota. Alifeli Kilatini, na hapo wengi wetu tunapumua kidogo. Kwa sababu ya kufeli huko akahamishiwa shule ya Wajesuiti, na kumbe Mungu alikuwa anamsubiri huko. Alianza kupokea Komunyo Takatifu kila siku, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa kijana wa wakati ule, na hakuacha tena hadi ugonjwa wake wa mwisho. Mwaka 1918 alijiunga na Chuo cha Ufundi cha Torino kusomea uhandisi wa migodi, kwa sababu alitaka kuishi karibu na wachimbaji, watu waliofanya kazi ngumu na ya hatari kuliko wengi.

Mwaka huohuo alijiunga na Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Akaanza kupanda ngazi za nyumba chakavu za Torino akiwa na vifurushi vya chakula, dawa na nguo. Wazazi wake, pamoja na mali yao yote, walimpa fedha kidogo za matumizi. Akawapa maskini hata nauli yake ya tramu, kisha akakimbia kwa miguu ili asichelewe chakula nyumbani. Kwenye treni alisafiri daraja la tatu ili kinachobaki kiwafikie wahitaji. Huko Berlin, baba yake akiwa balozi, alimvulia koti lake mzee mmoja aliyekuwa akitetemeka barabarani. Baba alipomkaripia, alimjibu kwa unyofu tu kwamba kulikuwa na baridi. Tarehe 28 Mei 1922 aliingia Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Dominiko, akachukua jina la Girolamo.

Sasa tuje kwenye milima. Torino iko chini ya Milima ya Alpi, na siku ya jua vilele vyeupe vinaonekana kutoka mjini. Skii ni mbao mbili ndefu na nyembamba zinazofungwa kwenye viatu, ambazo mtu huzitumia kuteleza juu ya theluji kwa kasi. Mchezo huu uliletwa Torino na mhandisi wa Uswisi aliyeishi hapo, Adolfo Kind, na mwaka 1901, mwaka uleule aliozaliwa Pier Giorgio, chama cha kwanza cha wachezaji wa skii nchini Italia kikaanzishwa mjini humo. Kwa hiyo kijana na mchezo wake walikua pamoja.

Likizo ya theluji siku zile haikuwa kama ya leo. Sasa ziko hoteli mlimani, na mashine zinazowabeba watu hadi juu ili kazi yao iwe kuteremka tu. Hata Sestriere, kituo maarufu cha skii karibu na Torino, kilijengwa katika miaka ya 1930, wakati yeye ameshafariki. Vijana wa wakati wake walidamka usiku, wakapanda treni ya kuelekea mabondeni, kisha wakaanza kupanda kwa miguu. Walifunga vipande vya ngozi ya sili chini ya skii ili zisirudi nyuma. Walitembea saa nyingi kwa ajili ya mteremko wa muda mfupi. Mkate, nguo kavu na kamba vilibebwa mgongoni. Mtu aliyesahau kitu alikihitaji bila kukipata, na mtu asiyejali wenzake aliweza kuwaletea kifo, kwa maana theluji huporomoka na ukungu hupoteza njia.

Pier Giorgio alikuwa mwanachama wa Chama cha Wapanda Milima cha Italia, na pia wa Giovane Montagna, chama cha Wakatoliki kilichoanzishwa Torino mwaka 1914 kwa ajili ya kupanda milima bila kuiacha imani nyuma. Alipanda vilele vigumu, kama vile Grivola na Bessanese, na alikwenda kuteleza kwenye theluji hadi Piccolo San Bernardo, mpakani na Ufaransa. Katika barua zake aliwaeleza rafiki zake kwamba mapenzi yake kwa milima yalizidi siku hadi siku, kwa sababu huko juu aliona ukuu wa Muumba.

Tunapoangalia jinsi alivyopanga safari hizi, tunaona mambo matatu.

Kwanza, Misa. Safari ya Dominika haikuanza kwa ratiba ya treni, ilianza kwa kuuliza Misa itasaliwa wapi na saa ngapi. Kama haikuwezekana kusali njiani, walisali kabla ya alfajiri. Rozari Takatifu ilisaliwa kwenye njia za mlimani, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko zote. Hata likizoni kijijini Pollone, kwenye nyumba ya familia, aliamka kabla ya wengine, akapanda kwa miguu hadi madhabahu ya Bikira Maria ya Oropa, akasali, akarudi.

Pili, wenzake. Tarehe 18 Mei 1924 yeye na rafiki zake wachache, wavulana kwa wasichana, walianzisha kikundi walichokiita kwa utani Tipi Loschi, yaani watu wa kutiliwa shaka. Wanachama walipeana majina ya kuchekesha, na yeye alijiita Robespierre. Waliandikiana matangazo ya mzaha yenye maneno makubwa kama ya serikali. Lakini chini ya mzaha huo kulikuwa na ahadi ya kuombeana, hata pale masomo na kazi zitakapowatawanya. Alijua kwamba kijana akiachwa peke yake imani yake hupoa, na safari ya mlimani ilikuwa njia yake ya kuwaweka pamoja.

Tatu, walioachwa mjini. Hapa ndipo anapotubana sisi. Majira ya joto yalipofika, familia za kitajiri ziliondoka Torino na kwenda kupumzika, na nyumba ya Pollone ilikuwa tayari. Pier Giorgio mara nyingi alichelewa kwenda, au alirudi mjini katikati ya likizo. Sababu yake ilikuwa nyepesi kueleweka: maskini hawaendi likizo. Watu wenye uwezo wakiondoka wote, ni nani atakayebaki kuwapelekea dawa? Kijana aliyeyapenda milima kiasi kile aliweza kuikosa kwa ajili ya mgonjwa wa chumba cha ghorofani. Tunadhani hapo ndipo furaha yake ilipopimwa, kwa maana mtu anaijua thamani ya anachokipenda anapokubali kukiacha.

Na aliacha zaidi ya hayo. Alimpenda binti mmoja wa kundi lao la milimani, yatima mwenye imani na akili. Hakumwambia kamwe. Alijua wazazi wake wasingemkubali, na ndoa yao wenyewe ilikuwa karibu kuvunjika. Aliona asijenge nyumba mpya kwa kubomoa ile ya zamani. Januari 1925 dada yake Luciana aliolewa na mwanadiplomasia wa Poland akaondoka, na Pier Giorgio akabaki peke yake kati ya wazazi wawili wasioongea. Baba alipotaka afanye kazi gazetini, alikubali, ingawa moyo wake ulikuwa kwa wachimbaji wa migodi. Rafiki zake waliendelea kumwona akicheka.

Tarehe 7 Juni 1925 alipanda mwamba katika mabonde ya Lanzo. Ilikuwa mara yake ya mwisho. Kwenye picha iliyopigwa siku hiyo aliandika maneno machache ya kuelekeza macho juu. Mwisho wa mwezi huo aliumwa kichwa na kuishiwa nguvu. Nyumbani bibi yake alikuwa anakufa, hivyo hakuna aliyemwangalia yeye, kijana mwenye afya kama chuma. Bibi alifariki tarehe 1 Julai. Kumbe mjukuu alikuwa na polio, ambayo inadhaniwa aliipata kwa wagonjwa aliowatembelea. Tarehe 3 Julai, mkono wake ukiwa umeanza kupooza, aliandika kwa taabu kikaratasi cha kumkumbusha rafiki yake dawa ya sindano ya maskini mmoja, pamoja na hati ya rehani ya mtu mwingine iliyotakiwa kulipiwa. Tarehe 4 Julai 1925 alifariki. Alikuwa amebakiza mitihani miwili tu kumaliza chuo.

Siku ya mazishi wazazi wake walitegemea kuona wakubwa wa mji. Walikuja, lakini barabara zilijaa maskini ambao familia haikuwafahamu. Na wale maskini nao, wengi wao, ndipo walipojua kwamba kijana wao alikuwa mtoto wa seneta.

Alizikwa Pollone. Mwaka 1981 kaburi lilipofunguliwa mwili wake ulikutwa haujaoza, na baadaye ukahamishiwa Kanisa Kuu la Torino. Mtakatifu Yohane Paulo II, ambaye naye alikuwa mpenzi wa skii, alimtangaza Mwenyeheri tarehe 20 Mei 1990 na kumwita mtu wa Heri nane. Muujiza uliofungua njia ya kutangazwa Mtakatifu ulimtokea mwenzetu, mseminari wa Jimbo Kuu la Los Angeles, Marekani, aliyeumia mshipa wa kisigino mwaka 2017 akicheza mpira wa kikapu na waseminari wenzake, akasali novena, akapona. Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza Pier Giorgio kuwa Mtakatifu, siku moja na Carlo Acutis.

Wapendwa, hatuna Alpi wala skii. Tuna mabasi, mashamba ya wazazi, mipira ya jioni na jumuiya ndogo ndogo zinazotusubiri. Mtakatifu huyu hatuambii tuache kufurahi. Alifurahi kuliko wengi wetu. Anatuomba tu, tunapopanga likizo, tujue Misa itakuwa wapi, tujue ni mwenzetu gani anayebaki peke yake, na tujue ni nani kijijini asiye na likizo. Safari hii tumekubaliana, kila mmoja atakuja na jina la mgonjwa aliyemtembelea. Padre mlezi atauliza tena, na tungependa kumtazama usoni.

Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, utuombee.