Daktari Samuel Orton na Mtoto Aliyeshindwa Kusoma

Tukizuru madarasa ya Tarime na Serengeti wakati wa mazoezi ya kufundisha, tunamkuta mtoto awezaye kuwataja ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja kwa rangi, lakini akipewa kitabu hukwama. Mwalimu humwita mzito. Baba huuza mbuzi ili amlipie masomo ya ziada. Kwa ajili ya mtoto huyu, yafaa tuyajue maisha ya Daktari Samuel Torrey Orton.

Orton alizaliwa mwaka 1879 katika jimbo la Ohio, Marekani, akawa daktari wa magonjwa ya akili. Baadaye aliongoza hospitali ya magonjwa hayo huko Iowa, jimbo la wakulima. Hakungoja kuletewa wagonjwa mjini. Mwaka 1925 aliwafuata watoto mashambani, akawaomba walimu wampelekee wanafunzi walioshindwa masomo. Mmoja wao, kijana wa miaka 16, hakuweza kusoma, ingawa mazungumzo yake yalionyesha akili nzuri. Hapo Orton alisadiki kwamba kushindwa kusoma si upungufu wa akili. Hali hiyo iliitwa upofu wa maneno. Siku hizi huitwa disileksia.

Alidhani kuwa chanzo chake ni pande mbili za ubongo kushindania uongozi. Wataalamu waliomfuata hawakuikubali nadharia hiyo. Wao hutilia mkazo zaidi ugumu wa kuzitambua sauti za lugha. Hata hivyo, njia ya kufundishia ilidumu: mtoto aisikie sauti, aione herufi, aitamke na kuiandika kwa wakati mmoja. Walimu Anna Gillingham na Bessie Stillman waliipanga njia hiyo hatua kwa hatua katika kitabu cha walimu. Orton alifariki mwaka 1948.

Walimu wanafunzi, mzazi wa kijijini hampati bingwa kwa urahisi, wala fedha za kumlipa. Kwa hiyo yatupasa kuanza sisi. Kwanza, tuhakikishe kuwa mtoto anaona na kusikia vizuri. Pili, tuzungumze naye kwa Kikuria, Kingoreme au lugha nyingine ya nyumbani kwake; huenda shida yake ni ugeni wa Kiswahili tu. Tatu, tumtengee dakika chache kila siku. Achore herufi mchangani kwa kidole huku akitamka ba, be, bi, bo, bu. Herufi b na d tusizifundishe siku moja, na tusisonge mbele kabla hajaishika ya kwanza.

Mzazi akitaka kuuza mbuzi, tumshauri aulize kwanza mafunzo hayo yatakuwa ya namna gani. Ikiwa ni somo lile lile la darasani likirudiwa kwa haraka zaidi, mbuzi atakwenda na mtoto atabaki pale pale. Na tusiposema neno, mwishowe mtoto ataamini kuwa hana akili, arudi machungani, na kosa litakuwa letu.