Apolo Kivebulaya, Msomaji Aliyewaandaa Wasomaji

Katika makanisa mengi ya Kianglikana humu nchini, kasisi mmoja husimamia sharika kadhaa, na Jumapili baada ya Jumapili ibada huongozwa na msomaji wa kanisa: mlei aliyepewa idhini ya askofu ya kusoma maandiko, kuongoza sala na kuhubiri. Siku za juma aghalabu yeye ni mkulima, karani au mwalimu wa shule. Kila linapozuka suala la kuwafunza watu hawa, mjadala hugawanyika pande mbili. Wapo wanaoshikilia kwamba asiyekuwa na cheti cha chuo asikaribie mimbari. Na wapo wanaodai kwamba ari peke yake yatosha. Maisha ya Apolo Kivebulaya yanazitia kasoro hoja zote mbili.

Apolo alizaliwa Buganda mnamo miaka ya 1860, akaitwa Waswa, jina la pacha wa kwanza. Ujana wake ulikuwa wa misukosuko. Aliwahi kubeba silaha katika vita vya dini vilivyoitikisa Buganda, akavuta bangi, na akafika Toro akiwa na msafara wa Kapteni Lugard mwaka 1891. Jina Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, lilitokana na vazi la kizungu alilopenda kulivaa.

Ni muhimu ifahamike kwamba katika Buganda ya siku zile, Mkristo na msomaji lilikuwa jambo moja. Walioifuata dini mpya waliitwa wasomaji, na Waanglikana hawakumbatiza mtu mzima kabla hajajua kusoma, isipokuwa kwa udhuru. Wasomaji wa mwanzo walijifunza kwa vitabu vya Kiswahili vilivyofasiriwa Unguja na Askofu Edward Steere, kabla ya Biblia ya Kiganda kukamilika. Kwa hivyo lugha yetu ilikuwa na mkono katika shule hiyo. Mwaka 1891 Askofu Alfred Tucker aliwapa idhini walei wa kwanza wa Kiganda kuhubiri, na baada ya muda mfupi nyumba za kusomea zikaenea vijijini.

Apolo alibatizwa Januari 1895. Mwaka huohuo alijitolea kwenda Toro kufundisha, na mwaka uliofuata akavuka bonde la mto Semliki hadi Boga, ambako leo ni mashariki mwa Kongo. Mtu wa haraka atasema hakufunzwa. Si kweli. Miaka kadhaa alikuwa amekaa miguuni pa waliomtangulia, akisoma, akiulizwa na akijibu. Alichokosa ni darasa lenye kuta na karatasi yenye muhuri.

Hata hivyo, mafunzo hayo yalikuwa na upungufu wake, na Boga ndiko ulikodhihirika. Walimu wawili wa Kiganda waliomtangulia huko walikuwa wameshindwa. Chifu Tabaro aliwanyima chakula, nao wakaondoka. Mafunzo ya Mengo yalikuwa yamewapa kitabu, lakini hayakuwafundisha namna ya kuishi kwa watu wasiowaalika. Na baadhi ya walimu wa Kiganda walichukulia desturi za kwao kuwa ndizo ustaarabu wenyewe. Apolo alishika jembe akalima chakula chake kwa mikono yake. Kwa maoni yangu, jembe lile lilikuwa somo ambalo halikuwamo katika mtaala wa mtu yeyote.

Halikumwepusha na madhila. Tabaro aliamuru apigwe, akaachwa akidhaniwa amekufa, na mwanamke mmoja akamwuguza kwa siri. Baadaye dada ya chifu alianguka juu ya mkuki uliokuwa katika nyasi za ujenzi, akafa, naye Apolo akatuhumiwa, akapelekwa Toro na kutiwa gerezani. Alipoachiliwa kwa kukosekana ushahidi, alirudi kulekule Boga. Hatimaye Tabaro mwenyewe aliomba kubatizwa.

Alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Miaka mingi iliyofuata aliitumikia Toro, na mipaka ya wakoloni ilipochorwa upya mnamo miaka ya 1910, Boga ikaangukia upande wa Wabelgiji. Apolo aliifuata. Hapo ndipo kazi yake kuu ilipokomaa. Aliwakusanya vijana, akawafundisha kusoma, sala na katekisimu, kisha akawatuma vijijini. Naye akawafuata kwa miguu kuona walivyokuwa wakifundisha. Hakuwa na mke, kwani mchumba wake alifariki naye akaapa kutooa, hivyo nyumba yake ikawa bweni. Kuanzia mapema miaka ya 1920 aliingia katika msitu wa Ituri kwa Wambuti, ambao wengi wa majirani zao waliwadharau, na Injili ya Marko ikafasiriwa kwa lugha ya huko.

Bado palikuwa na pengo. Kwa utaratibu wa Kianglikana, msomaji huongoza sala za asubuhi na jioni lakini haadhimishi Ushirika Mtakatifu. Mlei angeweza kulijenga kanisa kijijini, kisha waumini wakae miezi wakimngoja kasisi. Wale wanaoyaona mafunzo ya wasomaji kuwa njia rahisi ya kukwepa gharama ya kuwaandaa makasisi wanapaswa kulitazama jambo hili vizuri. Msomaji si kasisi wa bei nafuu.

Mwaka 1922 Apolo alipewa heshima ya ukanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe, lakini hakuhamia mjini. Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumzika Mkristo kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliagiza chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, ambako kazi ilikuwa haijaisha. Boga ilipata askofu wake wa kwanza mwaka 1972.