Aliacha shule na miaka 10, jiko lake bado lina somo kwako

Asubuhi ya Julai kule Nyansiongo au Kebirigo, baridi si mchezo. Kama nyumba yenu ni ya zamani, yenye meko ya mawe ukutani, tabia yake unaijua: yanameza kuni mzigo kwa mzigo, halafu joto lote linatorokea juu kwa dohani. Mbele unaungua, mgongo unaganda.

Shida hiyo ilimsumbua pia Benjamin Franklin. Ndiyo, yule jamaa wa noti ya dola 100.

Alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1706. Babake alitengeneza mishumaa na sabuni, na alikuwa na watoto 17. Darasani Franklin alikaa miaka miwili hivi. Akiwa na miaka 10 alishatolewa shule, na akiwa na 12 alikuwa mwanagenzi kwa kakake mchapishaji. Wakakosana. Akiwa na 17 akatoroka hadi Philadelphia, na huko akaja kuwa mchapishaji mkubwa mwenye gazeti lake.

Lakini kuni jijini zilianza kutolewa mbali, bei ikapanda. Si unaijua hiyo stori? Hapa Gusii mashamba yamegawanywa mpaka mkaratusi mmoja wa mpakani unaleta kesi kwa chifu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1740, Franklin akabuni jiko la chuma la kuingizwa ndani ya meko yale yale ya zamani, ili joto libaki chumbani. Mwaka 1744 akachapisha kijitabu cha kulieleza. Gavana akataka kumpa haki ya kuliuza peke yake. Pesa kibao hizo, lakini alikataa. Aliona sisi sote tunatumia uvumbuzi wa wengine, kwa hivyo wake pia uwe wa wote.

Sasa usidhani jiko lilikuwa safi. Moshi ulilazimika kushuka kwanza ndipo upande dohani. Dohani ikiwa baridi, moshi ulirudi chumbani. Wengine, akiwemo David Rittenhouse, wakalirekebisha, na hawakuhitaji ruhusa ya mtu. Franklin alifariki mwaka 1790, akiwa na miaka 84.

Kwa hivyo ukitaka kuweka jiko la chuma kwa meko ya zamani, anzia pale alipokosea: njia ya moshi. Toa masizi yote. Bomba lipande wima mpaka juu ya paa. Mwanya kati ya bomba na mawe uzibwe kwa kitu kisichoshika moto. Na usilale umefunga madirisha na jiko linawaka, kwa sababu gesi inayoua haina harufu.

Na jiko likirudisha moshi, usimwambie mamako azoee. Lirekebishe.