Maisha ya Santiago Ramón y Cajal, Mchora Ubongo



Gazeti letu limekwisha kutusimulia habari za wafalme, mabaharia na wapigania uhuru. Leo naomba nafasi niwasimulie maisha ya mtu ambaye hakushika upanga wala usukani, ila kalamu, wino na hadubini. Jina lake ni Santiago Ramón y Cajal, mtu wa Hispania. Ramón ni jina la upande wa baba na Cajal ni la upande wa mama, lakini ulimwengu umezoea kumwita Cajal tu, nami nitamwita hivyo.

Sikumchagua bure. Tangu nilipotoka shuleni, kazi yangu hospitalini ni kuwazoeza wagonjwa wa kiharusi, yaani watu waliopooza upande mmoja wa mwili, ili waweze tena kusimama, kushika kijiko na kutembea. Karibu kila juma jamaa za wagonjwa huniuliza kama mkono uliokufa unaweza kufufuka. Jibu la swali hilo lina historia ndefu, na katikati ya historia hiyo yumo Cajal.

Alizaliwa tarehe 1 Mei, 1852, katika kijiji cha Petilla de Aragón, kaskazini mwa Hispania. Baba yake, Justo Ramón, alikuwa mtu wa asili ya ukulima aliyejisomesha kwa taabu kubwa mpaka akawa mganga wa vijijini, na baadaye daktari kamili. Mtu aliyepata elimu kwa jasho la namna hiyo hana mchezo na wanawe. Yeye alitaka Santiago awe daktari. Santiago alitaka kuwa mchoraji. Kijana alichora juu ya karatasi, juu ya kuta na juu ya milango ya watu. Siku moja baba alichukua picha ya mtume aliyoichora mwanawe, akampelekea fundi aliyekuja kupaka chokaa kanisa la kijiji, apate maoni yake. Fundi akaiangalia, akasema haifai kitu. Toka siku hiyo kuchora kukapigwa marufuku nyumbani.

Marufuku hayo hayakusaidia. Santiago alizidi kuchora kwa siri, na utundu ukamzidi. Alipelekwa shule ya mapadre katika mji wa Jaca, ambako Kilatini kilifundishwa kwa fimbo. Alipigwa, akafungiwa chumbani, akanyimwa chakula, na Kilatini hakikuingia. Alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi alitengeneza mzinga kwa gogo la mti, akaujaza baruti na mawe, akaufyatua mbele ya lango jipya la jirani. Lango likavunjika vibaya, na mtoto akatiwa jela siku chache. Baba yake hakwenda kumtoa. Alikubali kabisa afungwe. Baadaye akamweka kwa kinyozi ajifunze kazi, kisha kwa fundi viatu. Kumbe hata ushonaji wa viatu aliuweza vizuri, maana mikono yake ilikuwa myepesi na macho yake makali.

Njia ilifunguka mwaka 1868. Katika kiangazi cha mwaka huo baba alimchukua mpaka makaburini kuokota mifupa ya watu iliyokuwa imetupwa kutoka makaburi ya zamani, ili amfundishe elimu ya mwili. Kijana aliyeshindwa na Kilatini akaichora mifupa ile mmoja mmoja, kila shimo na kila mfereji. Hapo ndipo mzee alipotambua kwamba mkono ule alioukataza ulikuwa na faida. Naye Santiago akatambua kwamba mwili wa binadamu ni kitu cha kuchora kama mlima au mti. Vita ya baba na mwana ikaisha, na mwaka 1873 akahitimu udaktari mjini Zaragoza, akiwa na miaka 21.

Mambo hayakuwa mepesi baada ya hapo. Aliingizwa jeshini, na mwaka 1874 akapelekwa Kuba, ambako Hispania ilikuwa ikipigana na watu wa kisiwa hicho waliotaka kujitawala. Huko aliugua malaria na kuhara damu hata akakaribia kufa, akarudishwa kwao mwaka 1875. Kwa akiba ya mshahara wake wa jeshi alinunua hadubini. Mwaka 1878 akatapika damu kwa ugonjwa wa kifua, akapona tena. Mwaka 1879 akamwoa Silveria Fañanás, nao wakajaliwa watoto saba. Mwaka 1885 kipindupindu kilipoingia, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu mjini Valencia. Aliuchunguza ugonjwa huo kwa niaba ya serikali ya jimbo la Zaragoza, nayo ikamshukuru kwa kumpa hadubini nzuri ya Zeiss kutoka Ujerumani.

Sasa nieleze kazi iliyomfanya ajulikane. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba ubongo ni wavu mmoja kama wa mvuvi, uzi umeunganika na uzi, bila mwanzo wala mwisho. Hawakuweza kuona sawasawa, kwa sababu nyuzi za ubongo ni nyingi na zimesongamana. Mwaka 1873 Mwitalia mmoja, Camillo Golgi, alivumbua dawa ya kutia rangi: kipande cha ubongo kiliwekwa katika dikromati ya potasiamu, kisha katika nitrati ya fedha. Ajabu ya dawa hiyo ni kwamba haitii rangi seli zote. Hutia chache tu, lakini hizo chache huwa nyeusi toka shina mpaka ncha. Watu wengi waliidharau. Cajal aliiona mwaka 1887 huko Madrid, katika nyumba ya daktari Luis Simarro, na hakulala vizuri tena.

Alihamia Barcelona mwaka huo huo, akaanza kuirekebisha dawa ile kwa kuitia mara mbili. Tena aliacha ubongo wa wanyama wakubwa, akachukua wa vifaranga ambao bado wamo ndani ya yai na wa wanyama wachanga. Alifikiri hivi: msitu mkubwa huwezi kuuchunguza mti kwa mti, lakini katika kitalu cha miche kila mche unaonekana peke yake. Mwaka 1888 akaona wazi kwamba hakuna wavu. Kila seli ya ubongo ni kitu kamili, ina matawi yake na mzizi wake, nayo hukaribiana na jirani yake bila kuungana. Hakuwa na gazeti la kuchapisha habari hizo, basi akaanzisha lake kwa fedha yake mwenyewe, nakala 60 tu, akawapelekea wataalamu wa nchi za nje. Hawakumjali, maana wengi hawakujua Kihispania.

Cajal hakukaa kulalamika. Mwaka 1889 alifunga vioo vyake, akaenda Berlin kwenye mkutano wa wataalamu wa Ujerumani. Aliweka hadubini mezani, akawavuta wakubwa mmoja mmoja waje kutazama. Mzee Albert von Kölliker, mwenye umri wa miaka 72 na sifa kubwa, alitazama akakubali. Baadaye mzee huyo akajifunza Kihispania ili asome kazi za Cajal. Mwaka 1906 Cajal na Golgi walipewa pamoja Tuzo ya Nobel. Huko Stockholm Golgi alitumia hotuba yake kuutetea wavu, na Cajal akajibu kwa heshima katika hotuba yake. Miaka ya 1950, hadubini za elektroni zilionyesha nafasi ndogo iliyopo kati ya seli na seli, na ubishi ukamalizika. Cajal ndiye aliyekuwa na haki.

Huenda msomaji akauliza haya yahusu nini mgonjwa wa kiharusi. Yahusu sana. Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka. Seli zilizokuwa zikilishwa na mshipa ule hukosa hewa safi na chakula, zikaanza kufa katika muda wa dakika. Ubongo wa mtu una seli za fahamu zipatazo bilioni 86. Katika kiharusi kikubwa cha kuziba, karibu milioni 2 hufa kila dakika. Si pepo, si jini, wala si kurogwa. Na kwa kuwa kila seli ni kitu peke yake, kama Cajal alivyoonyesha, moja yaweza kufa na jirani yake ikabaki hai. Swali ni hili: je, zilizokufa hurudi, na zilizobaki zaweza kufanya nini?

Cajal mwenyewe alilishika swali hilo. Mwaka 1890 alikwisha gundua kwamba uzi wa seli changa una ncha kama kidole kinachopapasa njia gizani. Baadaye alikata neva za wanyama, akachunguza siku baada ya siku. Neva za mkononi na mguuni, akaona, huota tena polepole. Lakini za ubongo na za uti wa mgongo huanza kuchipua, zikasimama, zikanyauka. Alikusanya hayo yote katika vitabu viwili vikubwa vilivyotoka mwaka 1913 na 1914. Hukumu yake ilikuwa nzito: katika mtu mzima, njia za ubongo zimekwisha kuwekwa, chaweza kufa chochote, wala hakizaliwi tena kitu. Ndiyo maji yaliyomwagika, hayazoleki. Walakini aliongeza kwamba hukumu hiyo ngumu elimu ya kesho yaweza kuibadili, akawaachia vijana kazi hiyo.

Kwa bahati mbaya watu wengi walishika nusu ya kwanza ya maneno yake, wakasahau ya pili. Kwa miaka mingi mgonjwa wa kiharusi alilazwa kitandani akangojea kudra. Wakasahau pia kwamba mwaka 1894, katika hotuba yake London, Cajal alikwisha eleza kuwa mazoezi ya akili huweza kuongeza matawi kati ya seli, kama mtunza bustani anavyoistawisha miti yake. Wakasahau tena kwamba mwaka 1911 mwanafunzi wake, Francisco Tello, alipandikiza kipande cha neva ya mguu katika ubongo wa sungura, na nyuzi za ubongo zikaota kuingia ndani yake.

Vijana wa kesho walikuja. Mwaka 1981 Samuel David na Albert Aguayo, huko Montreal nchini Kanada, walionyesha kwa hakika kwamba nyuzi za ubongo na uti wa mgongo huweza kuota mbali zikipewa njia nzuri. Mwaka 1996 Randolph Nudo na wenzake, Marekani, walichunguza kima wadogo waliopata kiharusi kidogo cha sehemu inayoongoza mkono. Waliozoezwa kutumia mkono mbovu, seli zilizobaki ziliendelea kuuongoza mkono ule. Wasiozoezwa, hata sehemu iliyokuwa nzima ilipoteza kazi yake. Basi seli zilizokufa hazirudi, hapo Cajal alisema kweli. Lakini zilizo hai hutoa matawi mapya, nazo hufuata kazi inayorudiwa mara nyingi.

Hilo ndilo jibu ninalowapa jamaa za wagonjwa. Mkono haufufuki kwa siku moja, na mwingine haurudi wote. Lakini mkono uliofungwa kwa kitambaa na kusahauliwa hupoteza hata ile nguvu iliyosalia. Mganga akiisha kuruhusu, mgonjwa ashike kikombe, aachie, ashike tena, mara mia kwa siku, leo na kesho na mwezi ujao. Haba na haba hujaza kibaba. Nimemwona mama mmoja asiyeweza kufungua kiganja, na baada ya miezi mitano akachambua mchele mwenyewe.

Tena kinga ni bora kuliko tiba. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliofanywa katika nchi 22 na Uganda yetu ikiwamo, ulionyesha kwamba mambo kumi yanahusika na viharusi tisa katika kila kumi. La kwanza ni shinikizo la damu. Mengine ni pamoja na sigara, kitambi, kisukari, pombe, chakula kibaya na kukaa bila mazoezi. Ndugu zangu tuliosoma zamani, ambao sasa matumbo yametutangulia, twende tukapimwe presha. Haiumi, wala haihitaji kungoja kuugua. Na ikiwa mdomo wa mtu umepinda ghafula, au mkono umeanguka, au maneno yanamvurugika, akimbizwe hospitali saa ile ile.

Cajal alifariki Madrid tarehe 17 Oktoba, 1934, mwenye umri wa miaka 82. Aliacha maelfu ya michoro ya seli, na mingine hutumika mpaka leo katika vitabu vya waganga. Ninyi mlio madarasani sasa, yuko kati yenu mtundu asiyeshika somo fulani, lakini mkono wake una kipawa chake. Asikate tamaa, wala mwalimu asimkatie. Ile kazi Cajal aliyowaachia vijana haijaisha: hakuna bado aliyeweza kurudisha seli zilizokufa katika ubongo wa mgonjwa wa kiharusi. Nafasi iko wazi, na haikuandikwa popote kwamba atakayeijaza lazima atoke Ulaya.